Nyumba ya Cleofas Haisikiki

Los Quelites, New Mexico
3 Machi

Noelia mjukuu wangu,

Mimi mzima. Naanza na hilo kwa sababu nasikia huko Minneapolis ulishaanza kunililia. Futa machozi, kanawe uso, kisha usome.

Jumanne asubuhi nilikuwa ndani ya beseni naoga. Mlango ukapigwa bega, ukaanguka na bawaba zake, akaingia Telesfor, huyu jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, amevaa kofia yake ya kanisani na suruali ya kulalia. Nyuma yake mpwa wake kashika blanketi la kufunikia maiti. Nikamwambia, "Telesfor, umesubiri maisha yako yote kuniona hivi. Umeona. Toka." Akageuzia uso ukutani, akasema, "Cleofas, kompyuta imesema umekufa." Nikamwambia, "Basi iambie ije inisugue mgongo."

Mlango sasa nimeuegesha kwa kiti.

Wewe na baba yako mlipatana, nami nikakubali, kwamba nitabaki nyumbani kwangu iwapo hivi vidude vyako vitasema kila asubuhi. Cha jikoni kiseme jiko limewashwa. Cha mlangoni kiseme mlango umefunguliwa. Cha chumbani kiseme kuna joto, sijaganda kama kipande cha nyama. Viseme kwa kisanduku kilichoko kwa Telesfor, maana upande huu wa bonde ni yeye tu aliye na mtandao, na kutoka kwake habari ziruke mpaka kwako na kwa baba yako. Maneno mazuri. Lakini havisemi. Vinasema leo, kesho vimenuna. Kila vikinuna baba yako Abrán anampigia Telesfor simu, na Telesfor anakimbia na yale magoti yake mabovu. Atatangulia yeye kaburini na mimi ndiye nitakayempikia matanga.

Na baba yako keshaniambia wazi: Mei ikiisha vidude havijatulia, nakwenda Albuquerque kwenye ile nyumba ya wazee. Chumba keshakishika. Anasema kina dirisha. Banda la kuku wangu nalo lina dirisha.

Mimi sikusoma. Herufi hizi alinifundisha babu yako kwenye unga wa mezani, nami sijui zaidi ya hapo. Wewe ndiye uliyevizaa hivi vidude, vilee.

Bibi yako,
Cleofas Archuleta


Minneapolis
9 Machi

Bibi,

Nakuomba baraka yako. Pole kwa mlango, na pole kwa Mzee Telesfor, naambiwa hajakutazama machoni tangu siku hiyo.

Nilivitengeneza mezani kwangu jioni jioni nikitoka kwenye kazi yangu ya kutengeneza lifti, na kabla ya kukuletea nilivijaribu. Kimoja nilikiacha dirishani, nikatembea na kisanduku mpaka upande wa pili wa bustani ya mtaa, nikakisikia bila shida. Kutoka kwako mpaka kwa Mzee Telesfor ni karibu kuliko hapo. Kwa hiyo vidude si vigonjwa. Kuna kitu hapo kwako kinavikaba koo.

Nisaidie kutafuta. Kila kidude kina waya mfupi mwekundu kama mkia wa panya. Huo ndio mdomo wake. Sharti usimame wima. Usikunjwe, usisokotwe, usiguse chuma chochote. Kidude kisikae sakafuni wala nyuma ya sufuria. Niambie kila kimoja umekiweka wapi hasa. Usiniambie pale nilipokiweka mimi, niambie kilipo sasa.

Na Bibi, baba anauliza kama wewe mwenyewe ndiye unayevizima. Nimemwambia hapana. Ni hapana, sivyo?

Wako,
Noelia


Los Quelites
15 Machi

Noelia,

Ni hapana. Mwambie baba yako kwamba kama mimi ni mtu wa kuzima vitu, ningemzima yeye siku ile alipozaliwa akitanguliza kitako.

Haya, nakuambia. Cha jikoni kipo rafuni ulipokiweka. Cha mlangoni nilikiona kitaliwa na panya, nikakitia ndani ya kopo la kahawa nikalitundika hapo hapo. Cha chumbani ni kibaya sura, mjukuu wangu, samahani. Kinakonyeza jicho jekundu kama mlevi wa sherehe, nami sipendi kukonyezwa nikibadili nguo. Nikakitia ndani ya kile kijumba cha bati cha Mtakatifu Antoni, nyuma ya miguu yake, na mkia nikausokota vizuri ukakaa kama utambi. Antoni ndiye mtakatifu wa vitu vilivyopotea. Nikadhani kama sauti yake inapotea njiani, ataiokota.

Nimevitoa vyote juzi. Mikia imesimama. Antoni amebaki peke yake, na naona anashukuru.

Baada ya Misa Telesfor amenipigia kelele kutoka ng'ambo ya mfereji kwamba mchana nimesikika vizuri, nimekuwa hai tangu asubuhi. Mchana naacha mlango wazi jua liingie. Lakini jua likishuka nafunga, na kufikia hapo anasema nakufa tena mpaka kesho.

Kwa hiyo tumesogea, lakini hatujafika. Baba yako anataka kufika.

Bibi yako,
Cleofas


Minneapolis
22 Machi

Bibi,

Nilicheka ile ya Antoni mpaka mwenzangu kazini akashuka ngazi kuja kuona kuna nini. Bati kwa redio ni kama kumfunika mtu blanketi usoni halafu umwambie aimbe. Umefanya vizuri kuvitoa.

Sasa hilo la usiku. Nadhani ni baridi. Kidude siku nzima kinasinzia, hakili kitu, ila kikiamka kupiga kelele kinavuta umeme mwingi kwa mkupuo mmoja. Betri ikiwa na baridi haiwezi kuutoa mkupuo huo, sauti inakatikia kooni. Kwenye kifurushi hiki kuna betri za aina nyingine zisizoogopa baridi, na kila kidude kina kipande kipya nilichokipachika, mfano wa ndoo ndogo: kinajaza umeme taratibu, kisha kinaumwaga wote mara moja wakati wa kelele. Badilisha vyote. Nimemwandikia pia Mzee Telesfor akipandishe kisanduku juu, asikiache nyuma ya friji.

Kitu kimoja kinanisumbua. Zile siku chache cha chumbani kilipofanikiwa kusema, kilisema chumba chako kina baridi kuliko jikoni kwa mbali sana, na unyevu mwingi. Nilidhani nimekosea kukipima. Chumba hicho kikoje, Bibi? Unalala humo?

Baba amepigiwa na wale wa Albuquerque. Wanataka jibu. Sina raha, nalala naota visanduku.

Noelia


Los Quelites
2 Aprili

Noelia,

Betri nimebadilisha. Ndoo zako zimeingia. Mikia imesimama kama askari. Nikifunga mlango, kimya. Nikifungua, vinaongea. Basi si baridi, maana juzi usiku ulikuwa wa joto hata mbwa wa Telesfor alilala nje.

Mifereji imesafishwa wiki hii. Wanaume walipita na makoleo, nikawapa maharage na pilipili nyekundu, wakala wakaacha sufuria inang'aa. Kuku wanataga. Yule mweupe ameanza tena tabia ya kutaga kwenye gari bovu la babu yako, nami namwacha, kila mtu ana pake.

Baba yako alikuja Jumapili. Alitaka kuzunguka nyumba aone vidude. Nilimketisha jikoni, nikamlisha mpaka akashindwa kuinuka, kisha nikamwambia jua linazama na barabara ina kulungu. Akaondoka. Amekonda, yule. Mwambie mama yako.

Umeuliza nalala wapi. Nalala pale usingizi unaponikuta.

Bibi yako,
Cleofas


Los Quelites
6 Aprili

Binti Noelia,

Ni mimi Telesfor Maes. Bibi yako hajui kwamba nakuandikia, na nakusihi asijue.

Kisanduku nimekitoa nyuma ya friji. Kwanza nilikipandisha juu ya kabati. Kisha mpwa wangu akakifunga kwenye mti mrefu juu ya paa. Sasa kinakaa juu kama jogoo na bado hakimsikii Cleofas akifunga mlango.

Lakini kuna jambo ambalo mzee kama mimi limemshinda. Unakumbuka mwaka jana ulimwekea kidude kingine kwenye banda la kuku, kwa sababu ya yule kicheche aliyekuwa akiiba mayai? Banda liko kule kwenye miti, nyuma kabisa ya nyumba. Kutoka kwangu ni mbali kuliko chumba chake. Kidude hicho kina betri zile za zamani na hakijakosa kusema hata mara moja. Sasa niambie wewe uliyesoma. Kuku wake wananifikia. Yeye aliye karibu hanifikii.

La pili ni gumu kwangu. Siku ile nilipoangusha mlango nilipita kwanza chumbani kumtafuta. Kitanda hakipo. Analala jikoni kwenye benchi. Kabati kubwa la nguo limesukumwa kwenye ukuta wa kaskazini kama mtu anayezuia mlango, na chumba kinanuka kama pishi la viazi. Nilipomuuliza aliniambia nishughulike na magoti yangu.

Usimwambie nimekuambia. Kwa maneno ananishinda, na sina hakika kwa mikono.

Jirani,
Telesfor Maes


Minneapolis
12 Aprili

Bibi,

Nimejua, na naona aibu kwamba sikujua mapema.

Jana nilikuwa ndani ya lifti naongea na baba kwa simu. Alikuwa akisema habari za kile chumba. Mlango ukajifunga, sauti yake ikakatika katikati ya neno "Albuquerque". Nikakaa pale kwenye kimya. Mlango ulipofunguka alikuwa bado anaongea, hajui kwamba nilitoweka. Bibi, hilo hunitokea kila siku ya kazi. Kila siku naingia kwenye sanduku la chuma, simu inakufa, natoka, inafufuka, na wala sikuwahi kufikiri.

Mlango wako ukiwa wazi vidude vinasikika. Ukifungwa, kimya. Banda la kuku ni la udongo mtupu, na linasikika daima. Tofauti ya banda na nyumba ni nini? Ni ile saruji aliyoipaka baba ukutani kiangazi kile nilipokuwa bado shuleni. Nakumbuka marobota ya waya uani. Niambie: chini ya saruji aliweka wavu?

Kama aliweka, basi unaishi ndani ya lifti. Mawimbi ya vidude hivi ni mapana kuliko kiganja chako, na matundu ya wavu wa kuku hayazidi upana wa dole gumba. Sisi tunaona matundu, mawimbi yanaona bati. Betri hazina kosa, wala Telesfor, wala Antoni.

Dawa ya haraka ipo. Lile dirisha dogo la jikoni linatazama kwa Mzee Telesfor. Kioo hakizuii kitu. Sogeza vyote pale, na mikia uipenyeze nje kwenye ufa wa fremu. Ni kazi ya jioni moja, na chumba cha Albuquerque watapewa wengine.

Lakini niambie habari za ukuta wa kaskazini. Hakuna aliyeniambia kitu. Kidude ndicho kilichosema unyevu.

Noelia


Los Quelites
18 Aprili

Noelia,

Telesfor ndiye aliyesema. Usimtetee, nimemwona kanisani, masikio yalikuwa mekundu. Nimemsamehe kwa sababu alikosea kwa upande mzuri.

Wavu upo. Kuta zote.

Sasa sikiliza, na ukimaliza kusikiliza, ufunge mdomo. Nyumba hii ilikandikwa na mama mkwe wangu kwa viganja vyake, na baada yake nikaikandika mimi. Udongo, mchanga, majani ya ngano, unapaka, unalainisha kwa kipande cha ngozi ya kondoo, na mvua ikiula unapaka tena. Ni kazi ya wanawake na haiishi, kama kupika. Kiangazi kile baba yako alinikuta juu ya ngazi. Ijumaa iliyofuata alikuja na marobota ya waya, na Ijumaa iliyofuata tena, akitoka kazini amechoka, akapigilia wavu ukuta baada ya ukuta, akarusha saruji mpaka mabega yakaungua yakaambuka ngozi kama kitunguu. Alipomaliza aliniambia, "Mama, hutakandika tena." Nikalia. Akadhani nalia kwa furaha, nami nikamwacha adhani.

Ukuta wa udongo unavuta pumzi. Ukilowa leo, kesho unakauka. Saruji ni koti la mvua juu ya mtu anayetoka jasho. Maji yanaingia kwenye nyufa, yanapanda kutoka ardhini, hayana pa kutokea. Ukuta wa kaskazini umevimba chini. Nimetia kidole, kikaingia kama kwenye unga uliokandwa. Ndiyo maana nalala jikoni.

Abrán akijua atanibeba siku hiyo hiyo na benchi langu. Na atajua pia kwamba mikono yake ndiyo iliyofanya hivyo. Unamjua baba yako. Ndiye aliyemkuta babu yako amelala maiti kando ya mfereji tangu jana yake, na tangu hapo mimi si mama tena kwake, mimi ni mtu wa kuhesabiwa kila asubuhi. Simuongezei mzigo huo.

Nimefanya ulivyosema. Vyote viko dirisha la jikoni, mikia nje. Vinasema. Nyamaza, nami ninyamaze, tuivuke Mei.

Bibi yako,
Cleofas


Minneapolis
27 Aprili

Bibi,

Vinasema. Kila asubuhi, mlango ukiwa umefungwa, vyote, safi kabisa. Baba amenipigia akicheka, sijamsikia akicheka hivyo tangu babu afe. Anasema atakifuta kile chumba mwisho wa mwezi ujao kama hali itaendelea. Akaniambia jambo jingine: "Hata chumba chake kimekauka, umeona? Kimepata joto." Nikasema ndiyo.

Bibi, hicho alichokiona ni joto la jikoni kwako. Kidude cha chumbani kiko dirishani pako, karibu na sufuria ya maharage. Nami nikasema ndiyo.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Natoka kitandani, nawasha kompyuta, nakukuta uko hai, narudi, natoka tena. Nilivitengeneza hivi ili mtu ajue kama una shida. Sasa una shida, na vyenyewe ndivyo vinavyoificha. Ukuta ukianguka utavuta dari, na dari ile ni moja mpaka jikoni. Kidude kitabaki dirishani kinasema kwa sauti nzuri kwamba kila kitu ni salama, na baba atakunywa kahawa yake ametulia.

Mimi sitamwambia. Ni siri yako, na ni mwanao. Lakini siwezi kuendelea kusema ndiyo. Sikukuu ya Mtakatifu Isidro, katikati ya Mei, ikipita hujamwambia, nitavizima vyote kutoka huku, atakuja mwenyewe kutazama.

Usinikasirikie. Au nikasirikie, mradi ulale mbali na ukuta ule.

Noelia


Los Quelites
6 Mei

Abrán mwanangu,

Keti. Kama uko posta, rudi ndani ya gari ukae.

Ukuta wa kaskazini wa nyumba yetu unaoza. Unaoza kwa sababu ya saruji. Wavu ulioupigilia ndio ulioviziba vidude vya Noelia, na saruji juu yake ndiyo iliyoufungia maji ukuta. Nimekuficha tangu majira ya baridi. Siku ile nilipokulisha mpaka ukashindwa kuinuka, nilikuwa nakuzuia usiingie chumbani. Lile joto uliloliona kwenye kompyuta ni la jikoni. Noelia anajua kwa sababu nilimbana akae kimya, na kimya hicho kimemnyima usingizi, kwa hiyo usimguse kwa neno lolote. Nigombeze mimi, nimezoea.

Sikukuficha kwa kukuogopa. Ulinipa zawadi kwa mgongo wako, na sikujua mtu anarudishaje zawadi ya namna hiyo.

Sasa la pili, ambalo hatujawahi kulisema. Unadhani baba yako alilala pale kando ya mfereji akituita. Mimi ndiye niliyemwosha. Koleo ilikuwa mkononi bado, vidole nililazimika kuvifungua kimoja kimoja. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekatizwa kazi, basi. Hakuita mtu. Hakupata nafasi. Hata ungekuwa umesimama kando yake ungefika ukiwa umechelewa.

Najua unachotafuta kwenye vile vidude. Unatafuta kitu kitakachokuhakikishia sitakufa peke yangu. Hakipo hicho, Abrán. Hata Noelia hawezi kukitengeneza, na yule mtoto anaweza vingi.

Njoo na nyundo. Nipe nafasi ya kuiona nyumba yangu ikiwa uchi, tujue imebaki nini. Ukiisha kuona, sema utakavyosema. Nitakusikiliza. Sikusema nitakubali.

Mama yako,
Cleofas


Albuquerque
11 Mei

Mama,

Nimeisoma garini, nje ya posta, kama ulivyosema. Nilikaa pale mpaka mtu akanigongea kioo kuuliza kama mimi ni mzima.

Nakuja Ijumaa. Usilale humo. Usiingie humo hata kuchukua shuka.

Chumba cha huku sijakifuta. Nataka kuona kwanza. Sitaki kukudanganya.

Hukuniambia habari za koleo.

Nyundo ninayo.

Abrán


Los Quelites
9 Juni

Noelia mjukuu wangu,

Mikono yangu ina udongo na karatasi hii itakufikia imechafuka. Usiioshe.

Baba yako alikuja. Hakula. Alikwenda moja kwa moja ukuta wa kaskazini, akapiga nyundo, na saruji ikatoka kipande kizima, na wavu wake, kama ganda la kidonda. Nyuma yake palikuwa uji. Akasukuma mkono ndani, ukaingia mpaka kwenye kiwiko, akasimama hivyo hivyo mkono ukiwa ndani ya nyumba ya mama yake. Nikamsikia anasema, "Mama, ungekufa." Nikamwambia, "Ndiyo."

Basi akapiga. Alipiga kama mtu anayedaiwa na ule ukuta. Telesfor alikuja akasema, "Taratibu, kijana, nyumba haikukutukana." Abrán akamwambia, "Wewe si ndiye unayevunja milango?" Telesfor akakaa chini akacheka mpaka akapaliwa, na baada ya hapo wakaelewana.

Chumba hakikuokoka. Tulikibomoa chote, dari tukaikata pale inapoanza jikoni. Kuta nyingine zilikuwa na ubavu mzuri, zimelowa kidogo tu chini. Tuliziacha uchi zikapigwa na jua. Nilikuwa napita naziwekea kiganja, kila siku zimekauka zaidi ya jana. Kisha tukachanganya udongo.

Baba yako anakandika kama mtu anayefuta meza. Nilimwambia. Akaniambia nishuke ngazini, nikamwambia ashike ngazi asiongee. Majani ya ngano alileta Telesfor, na mpwa wake, na wale wanawake wawili wa kina Maes, nao walimcheka Abrán hadharani mpaka akajifunza.

Ugomvi ulikuja jioni ya mwisho. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anatazama pale chumba kilipokuwa, akasema, "Nyumba imebaki nusu, Mama." Nikamwambia, "Na mimi nimebaki nusu. Tunatoshana." Hakucheka. Akasema wale wa Albuquerque wana muuguzi usiku na mchana. Nikasema najua. Akasema majira ya baridi yatarudi. Nikasema hayajawahi kukosa. Akanyamaza muda mrefu, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu umjue bibi yako, nikamwacha mtu anyamaze. Kisha akainuka akavuka mfereji kwenda kwa Telesfor. Mikono yake ilikuwa na udongo, kwa hiyo Telesfor ndiye aliyemshikia simu sikioni wakati anawaambia wampe mtu mwingine kile chumba.

Vidude nimevirudisha mahali pake, cha jikoni rafuni, cha mlangoni mlangoni. Nimefunga milango yote nikakaa ndani nikisubiri. Telesfor akapiga kelele kutoka kwake: "Cleofas, unasikika." Mpwa wake alikibeba kile kisanduku mpaka barabara ya makaburini, na huko pia ninasikika.

Sasa haya ndiyo mapatano yangu na baba yako, naye amekwisha kuyakubali, ingawa kwa uso ule wake. Kidude kikinyamaza, mbadilishe kwanza betri, msinizike. Kikiendelea kunyamaza, Telesfor aje abishe hodi kama mtu. Nisipoitika, aingie. Akinikuta chini nikipumua, amwite daktari wala asingoje ruhusa yangu. Akinikuta sipumui, anifunike, azime jiko, awafungulie kuku. Ndipo awapigie simu.

Na nyinyi msikimbie. Barabara ile ina kulungu, na baba yako akilia haoni vizuri. Oga, kunywa kahawa, chukua koti. Mimi nitakuwa nyumbani, na haraka sitakuwa nayo.

Bibi yako,
Cleofas Archuleta